Maji ya Kibo hayatoki kwenye theluji

Vuli ilikuwa imechelewa, na wanaume wa kitongoji walikuwa kwenye banio la mfongo, mfereji wetu wa asili wa maji, wakizibua matope na majani yaliyooza. Nilikuwa nimepanda Kibosho kumsalimia baba mkubwa, nikamfuata huko. Ndani ya maji, hadi magotini, alisimama kijana mmoja ambaye kazi yake ni kupandisha wageni mlimani. Wingu likafunguka kidogo. Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, ikaonekana: mwamba mweusi kwa sehemu kubwa, na juu yake kipande cheupe.

Kijana akakinyooshea koleo. "Babu, ile ikiisha, na huu mfongo umekwisha."

Baba mkubwa hakuinua kichwa. "Ile haijawahi kuninywesha mimi. Maji haya yanatoka msituni."

"Lakini babu, hata vitabuni imeandikwa. Theluji ikiyeyuka mito itakauka."

"Kijana wangu, mfongo huu nimeufuata kwa miguu hadi chanzo chake. Huko hakuna theluji. Kuna miti na ukungu."

Basi. Kazi ikaendelea, maji yakaanza kupita, kila mtu akaenda kwake. Mimi ndiye niliyeondoka na mabishano yale kichwani, na kwa wiki nyingi hayakuniachia.

Yalinisumbua kwa sababu jibu lina uzito. Kama maji yetu ni theluji, basi hatima yetu imo mikononi mwa viwanda vya mbali na sisi tunasubiri tu. Kama ni msitu, mambo ni tofauti kabisa.

Shahidi mweupe

Nianze na kijana, kwa kuwa sehemu ya hoja yake ni ya kweli tupu.

Theluji ya Kilimanjaro imekuwa ikibishaniwa tangu mmisionari Johannes Rebmann alipoiona mwezi Mei 1848 na kuandika habari zake. Wasomi wa jiografia London, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, walikataa kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Ilibidi Karl Klaus von der Decken aje mlimani miaka ya 1861 na 1862 ndipo ubishi upungue. Hans Meyer alifika kileleni 1889 akikata ngazi kwenye barafu. Aliporudi 1898, alikuta barafu imerudi nyuma kiasi cha kumshangaza.

Mwaka 1912 mlima ulikuwa na barafu yenye eneo la takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2.

Zaidi ya asilimia 85 ya barafu imeondoka katika karne moja, na picha zipo. Barafu ya Furtwängler ndani ya kreta imegawanyika vipande. Uwanda wa barafu wa kaskazini, ambao ndio mkubwa kuliko yote, umetoboka katikati. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro ni miongoni mwa zile zitakazotoweka kabla ya 2050. (Huwa naumia ninaposoma majina: Rebmann, Decken, Kersten, Heim, Credner, Furtwängler. Barafu iliyo juu ya vihamba vyetu, mashamba yetu ya ukoo, na karibu yote imepewa majina ya Wajerumani.)

Kwa hiyo barafu inaisha. Hilo halina mjadala.

Mjadala ni kwa nini.

Barafu isiyoyeyuka

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu, na nataka nikae hapa, kwa sababu watu wanaokanusha mabadiliko ya tabianchi hupapenda sana mahali hapa.

Juu ya Kibo ni baridi mno. Wastani wa joto kileleni ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo, barafu nyingi haipati nafasi ya kuyeyuka ikawa maji. Jua kali la ikweta linaipiga, hewa ni kavu, na barafu inageuka mvuke moja kwa moja. Ndiyo maana ukingoni mwa barafu za kule juu utaona kuta zilizosimama wima, zimechongwa na miale ya jua. Njia hiyo ya kupoteza barafu inahitaji nishati mara nane hivi kuliko kuyeyuka, kwa hiyo barafu inayokwenda hivyo humwaga maji kidogo sana mtoni. Inapaa hewani.

Georg Kaser, Thomas Mölg na wenzao waliochunguza jambo hili walisema wazi kwamba kilichoanza kuiua barafu ya Kilimanjaro ni uhaba wa theluji mpya. Karibu na mwaka 1880 Afrika Mashariki iligeuka kavu ghafla. Ziwa Victoria lenyewe lilishuka kwa zaidi ya mita 2 katika miaka hiyo. Theluji mpya ni nyeupe na hurudisha mwanga wa jua. Isipoanguka, barafu ya zamani hubaki imechakaa, na jua linaila.

Mwaka 1880! Wakati huo hakukuwa na gari hata moja Moshi.

Nilipofika hapo, nilijiuliza kama tumekuwa tukiupeleka mahakamani ushahidi mbovu. Kisha kuna Lonnie Thompson, aliyetoboa barafu ya Kibo mwaka 2000 na kupata humo kumbukumbu ya miaka zaidi ya 11,000. Mwaka 2002 yeye na timu yake walikadiria kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita. Barafu ipo. Nimewaona watu mtandaoni wakitumia tarehe hiyo moja kutupilia mbali sayansi yote.

Kilichonitoa hapo ni kuendelea kusoma.

Thompson huyohuyo alikuta jambo jingine. Katika mojawapo ya nguzo za barafu alizozitoa, sehemu ya juu kabisa, ile ya miaka ya karibuni, ilikuwa na alama za barafu iliyoyeyuka na kuganda tena. Chini yake, katika maelfu ya miaka, hakukuta alama kama hizo. Katika historia hiyo umo hata ukame mkali wa karibu miaka 4,000 iliyopita, ulioacha tabaka la vumbi. Barafu iliuvuka ukame ule. Huu wa sasa haiuvuki.

Na Kibo si peke yake. Barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya, iliyopimwa tangu miaka ya 1930, imebaki kidogo sana. Rwenzori nako hali ni hiyohiyo. Hii ni milima mitatu, yenye urefu tofauti na mvua tofauti: Rwenzori imelowa mwaka mzima, Kibo ni kavu kileleni. Yote inapoteza barafu kwa wakati mmoja.

Hata ule ukavu una mlango wake. Theluji ya Kibo hutegemea Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, tunapata mvua nyingi, na yakigeuka tunapata ukame. Bahari hiyo inazidi kupata joto. Barafu ilianza kupungua kwa sababu zake za zamani, na sasa imeongezewa zetu.

Kuhusu hizo zetu sina shaka tena. Kabla ya viwanda, hewa ya dunia ilikuwa na kaboni dioksidi sehemu 280 hivi kwa kila milioni. Mwanasayansi Charles Keeling alianza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, na leo imevuka 420. Inajulikana pia imetoka wapi. Kaboni ya makaa ya mawe na mafuta ni ya kale mno, haina tena ile kaboni ya mionzi iliyomo ndani ya kila kiumbe kilicho hai, na kadiri tunavyochoma ndivyo kaboni ya hewani inavyozidi kufanana nayo.

Kwa hiyo theluji ni shahidi wa kweli, ingawa ushahidi wake unahitaji kusikilizwa hadi mwisho.

Kisima ni kingine.

Ukungu

Tupande sasa na baba mkubwa.

Ukitoka Moshi mjini, ambako mvua ya mwaka huwa karibu milimita 900, ukapita vihamba na kuingia msituni, kwenye mita 2,000 na zaidi upande wa kusini unakuta mvua inayovuka milimita 2,000 kwa urahisi. Ukipanda tena hadi kileleni inapungua mno. Mlima umevaa mkanda wa mvua kiunoni. Sehemu kubwa ya maji ya mito ya Karanga, Weruweru, Kikafu na ndugu zao hutoka kwenye mkanda huo, na maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya hesabu.

Juu ya mkanda huo kuna kitu ambacho mtu wa mjini hakioni: msitu unaonasa ukungu.

Nimesimama humo asubuhi isiyo na mvua. Mbingu iko wazi kwa juu, na wingu linapita usawa wa kifua. Matawi yote yamevaa kuvumwani na nyuzi ndefu za kijivu zinazoning'inia kama ndevu za mzee. Ukungu unagusa nyuzi, tone linajijenga taratibu kwenye ncha, linanenepa, linadondoka. Pembeni tone jingine. Ukitulia unasikia msitu mzima ukidondoka, na udongo chini ya buti ni laini, umeshiba, ukiukanyaga maji yanajaa kwenye unyayo. Nikatoka mahali hapo mabega yakiwa yamelowa, na hapakuwa na mvua.

Maji hayo hayasomwi na kipimo cha mvua kilichowekwa uwanjani. Bila majani na nyuzi zile, wingu lingepita tu na kwenda zake.

Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth ameuchunguza msitu huu kwa miongo kadhaa. Mwaka 2005 aliandika jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko habari zote za barafu: maji tunayoyapoteza kwa kuungua kwa msitu wa ukungu yanazidi kwa mbali yale tunayoyapoteza kwa barafu kutoweka.

Baba mkubwa hajawahi kusikia habari za Bayreuth.

Msitu unaoshuka

Kuna jambo hapa linakwenda kinyume na matarajio. Dunia ikipata joto, mimea ya milimani hupanda juu kufuata ubaridi. Kilimanjaro imefanya kinyume: mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita.

Umeshushwa na moto.

Hewa ikiwa kavu na yenye joto zaidi, moto ambao zamani ungejifia kwenye unyevunyevu unapata nguvu ya kuingia msituni. Miti mirefu ikiungua, mahali pake huota vichaka vinavyoshika moto upesi, na vichaka hivyo vinakaribisha moto unaofuata. Kwa hesabu za Hemp, tangu 1976 hadi mwanzoni mwa karne hii mlima ulipoteza kwa njia hii karibu kilomita 150 za mraba za msitu. Linganisha na barafu yote ya mwaka 1912, ile ya kilomita 12.

Wengi wetu tunaukumbuka Oktoba 2020. Moto ulianzia eneo la Whona, kati ya kambi za wapanda mlima za Mandara na Horombo, na usiku ulionekana kutoka mbali kama mstari mwekundu angani. Wananchi, askari wa hifadhi na wanafunzi wa Chuo cha Mweka walipanda kuupiga kwa matawi na mapanga. Kilomita za mraba takriban 95 ziliguswa. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, ukawaka tena upande wa Karanga.

Anayewasha moto ni binadamu: mrina asali, jangili, mpagazi anayepasha chakula. Hili nalisema bila kumung'unya. Lakini warina asali walikuwepo enzi za babu zetu, na moshi wao haukushusha mpaka wa msitu hivi. Kiberiti ni kilekile, kilichobadilika ni ukavu wa kinachowashwa. Na tabianchi si kisingizio cha kila kitu: upelelezi wa ndege uliofanywa 2001 ulikuta miti ya asili iliyokatwa kwa maelfu, mikulo mikubwa ikiwemo. Hiyo ilikuwa misumeno na tamaa ya fedha.

Najua baadhi ya wasomaji wangependa sababu iwe moja. Mimi pia ningependa. Mlima haukunipa hiyo nafasi.

Joto la usiku

Habari za kahawa zina ugumu wa namna hiyohiyo. Mibuni imezeeka, bei zimewavunja watu moyo, vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi vimekuwa vipande. Mtu akikuambia kahawa ya Kilimanjaro imekufa kwa tabianchi peke yake, muulize mkulima yeyote.

Lakini mwaka 2015 Alessandro Craparo na wenzake walichapisha uchambuzi wa kahawa ya arabika nchini Tanzania, na walichokikuta si joto la mchana. Ni la usiku. Kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye joto la chini la usiku inapunguza mavuno kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Kwa mkulima ambaye hekta humpa kilo mia chache tu, hilo ni pigo.

Usiku mmea hautengenezi chakula, unatumia tu kile ulichotengeneza mchana. Usiku ukiwa na joto unatumia zaidi. Buni inaiva haraka kabla haijajaa vizuri. Na vijidudu vinavyotoboa buni hupenda joto.

Mama mdogo wangu, ambaye bado anachuma kahawa yake mwenyewe chini ya mifuruanje aliyoikuta kihambani alipoolewa, aliniambia kwamba zamani mtu hakulala bila blanketi mbili mwezi wa saba. Sasa moja inatosha, na miezi mingine anaisukuma miguuni. Nilimuuliza tangu lini. Akafikiri, akasema haikuja siku moja.

Ndivyo mabadiliko haya yalivyo. Theluji unaipiga picha ukaiona imepungua. Usiku ulioongezeka joto hauna picha.

Nani alinde mkanda

Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Nchi zilizojitajirisha kwa makaa ya mawe na mafuta zinatudai kwamba tuendelee kutunza misitu, na deni lao kwetu hulilipa kwa matone. Nina hasira juu ya hilo na sitaki kuificha.

Lakini ninarudi pale nilipoanza. Kusubiri barafu iokolewe ni kusubiri jambo ambalo hakuna aliye hai atakayeliona. Hata dunia ikifunga mabomba ya mafuta kesho, barafu ya Kibo imeshachelewa. Msitu haujachelewa. Ukizuiwa usiungue, unarudi.

Mwaka 1941 ulitengwa ukanda unaoitwa Nusu Maili, chini ya msitu, ili watu wa vihamba wapate kuni na majani ya mifugo bila kuingia msitu wa asili. Mwaka 2005 msitu na ukanda huo viliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa. Naelewa nia: ukataji ulikuwa umezidi. Ila tangu hapo, mwanamke aliyekuwa akiingia Nusu Maili kukata majani ya ng'ombe wake alijikuta ni mhalifu. Mtu huyo ndiye wa kwanza kuuona moshi. Ukimfukuza, umefukuza macho.

Nadhani Nusu Maili irudishwe kwa vijiji, kwa masharti makali na kwa mikataba inayoandikwa, na jukumu la kulinda moto liende pamoja nayo. Nadhani pia sehemu inayoonekana ya ada za wapanda mlima iwekwe kwenye vikosi vya moto vya vijiji kabla ya Septemba, kabla majani hayajakauka, maana Oktoba huwa ni kukimbizana tu. Wapo wataalamu wa hifadhi watakaopinga, na wana sababu zao. Kule Nusu Maili ilikowahi kusimamiwa ovyo, miti iliisha. Hatari hiyo naiona. Bado naona msitu usio na jirani ni hatari zaidi.

Maji haya hayaishii Moshi. Yanashuka Kikuletwa na Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya Hale na Pangani, yanafika bahari. Upande wa pili yanapita chini ya ardhi na kutokea kwenye vinamasi vya Amboseli, Kenya, ambako tembo na ng'ombe wa Wamasai wanayanywa. Wote hao wanakunywa ukungu.

Naomba hili kutoka kwenu

Vipimo vya mvua mlimani ni vichache na vingi ni vya karibuni. Mifongo ina kumbukumbu ndefu kuliko hivyo, na kumbukumbu hiyo iko vichwani mwa wasimamizi wa zamu za maji, ambao wengi ni wazee sana.

Nimeanza kuikusanya. Kama una mzee aliyewahi kusimamia mfongo, muulize mambo manne uniandikie: jina la mfongo na kijiji, mwezi ambao zamani maji yalikuwa yakipungua, mwezi yanapopungua sasa, na kama chanzo kimewahi kuhamishwa kwa sababu kilikauka. Mwaka usipojulikana, tumia tukio: mwaka wa uhuru, mwaka wa vita vya Kagera, mwaka wa mvua za El Niño za 1997. Majibu ya Kibosho na Old Moshi yameanza kufika. Machame bado machache. Rombo, ambako mvua ni haba kuliko huku kwetu na mifongo mingi ya zamani imeachwa, bado sina hata moja, na huko ndiko ninakokuhitaji zaidi.